Amri: Ua Mzazi

Haya niliambiwa na Paskali, yule askari mstaafu aliyehamia Kintinku, mwaka ule aliponunua shamba jirani na letu. Tulikuwa tunasubiri mashine ya kusaga. Umeme ulikuwa umekatika, ndoo zimepangwa mstari, hakuna wa kuondoka wala wa kusaga. Akasema, mama, ngoja nikupe kisa cha Itigi. Mambo ya kompyuta alinieleza mara mbili mpaka yakaniingia.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, simu za mkononi hazijafika huko.

"Mkaa, Mkaa, hapa Jiko."

Ritha alibonyeza redio yake ya Motorola, muhogo wa kuchoma bado uko mdomoni.

"Jiko, sema."

"Asali imechacha. Narudia, asali imechacha."

Muhogo ukaanguka.

Maneno hayo yalikuwa na maana moja tu. Zefania amejulikana.

Zefania alikuwa mpelelezi wa Idara, kama Ritha mwenyewe. Alikuwa Mitundu tangu kiangazi akijifanya karani wa mnunuzi wa asali, analala kwenye ghala la mama mmoja aitwaye Yasinta. Asali ilikuwa asali kweli. Nta ndiyo ilikuwa na mambo. Katikati ya mapande ya nta watu wa magendo walikuwa wanaficha vipande vya pembe za ndovu, kisha mapipa yanapakiwa kwenda nje ya nchi kama bidhaa halali. Jana yake Zefania alipiga simu kutoa taarifa. Mtu akaisikiliza simu ile. Sasa lori lilikuwa limetumwa kuchukua mapipa na kummaliza karani.

Na lori lenyewe lilikuwa linapita mbele ya macho ya Ritha.

Isuzu ya bluu. Turubai la kijani. Nyuma watu wawili wamekaa juu ya pipa.

Ritha aliirukia pikipiki yake, Honda XL.

Barabara ya Mitundu masika si barabara, ni shauri la mtu na Mungu wake. Vichaka vya Itigi vimeibana kulia na kushoto, vimesongamana kiasi kwamba mbuzi akiingia hawezi kugeuka, anatoka kinyumenyume. Hakuna pa kuchepuka. Ritha alivuta mafuta mpaka mwisho. Matope yalimpiga kifuani. Akalisogelea lori mpaka akaweza kusoma namba. Akachomoa bastola yake ya Browning kiunoni.

Mmoja wa wale wa nyuma alimwona. Akacheka. Akalisukuma pipa kwa mguu.

Pipa lilidunda barabarani, likapasuka, likaja.

Ritha aliminya breki. Kwenye asali hakuna breki.

Alipoinuka, mdomo una damu na rimu ya mbele imekunjika kama chapati. Akapiga risasi akiwa amepiga goti. Turubai likatoboka. Lori halikusimama. Lilimpigia honi, ndefu, kama linaaga.

"Mbwa nyie," Ritha alisema, lakini alisema taratibu, maana hapakuwa na wa kumsikia.

Gari la kituo cha Itigi lilikuwa juu ya magogo tangu Krismasi. Gari la Manyoni lingechukua muda kufika. Basi alisimama pale mvua inamnyeshea, anaangalia alama za matairi zinavyojaa maji.

Ndipo alipoona mnara.

Mnara ule ulikuwa wa kampuni binafsi, moja ya zile zilizokuja na uchumi mpya. Walikuwa wameleta simu za redio. Anayetaka anafungiwa simu dukani kwake, hata kama yuko porini, na simu zote zinapitia kompyuta moja iliyowekwa kwenye kontena chini ya mnara. Mitundu simu ilikuwa moja tu. Ilikuwa ghalani kwa mama Yasinta.

Lori halifiki Mitundu kabla ya jioni. Simu inafika sasa hivi.

Ritha alikimbia.

Paskali alimkuta mlangoni mwa kontena. Alikuwa konstebo kijana wakati ule, amekuja na baiskeli ya Phoenix, kofia imelowa mpaka imeanguka masikioni.

"Afande, umeumia?"

"Mlinzi yuko wapi?"

"Simeoni? Sijamwona. Kufuli liko wazi."

Ritha aliingia, akanyanyua simu ya mezani. Ilikuwa inalia sauti moja, fupi fupi. Akakata, akanyanyua tena. Ile ile. Kwenye skrini palikuwa na maandishi: hakuna nafasi.

"Jiko, hapa Mkaa. Lori limenipita. Niko mnarani. Simu haitoki."

Upande wa pili mkuu wake hakupoteza maneno. "Tuna injinia wa kampuni hapa. Emilian. Ongea naye."

Redio ikakwaruza. Ikaja sauti ya mtu aliyetolewa kwenye chakula chake.

"Dada, shikamoo... samahani, sijui umri wako. Unaona nini kwenye skrini?"

"Mistari. Imejaa juu mpaka chini. Kila mmoja mwisho una herufi Z."

"Zote Z?"

"Zote."

"Yesu na Maria," Emilian alisema.

Sasa hapa ndipo Paskali aliponieleza mara mbili. Ndani ya kompyuta ile kuna kiini, ndicho kinachoendesha kila kitu. Mtu akipiga simu, kiini kinatoa uzi mmoja wa kazi. Uzi ule unaibeba simu mpaka watu waagane. Wakiagana, uzi umekwisha. Haufanyi kazi tena. Lakini hauondoki. Unabaki na neno lake la mwisho mkononi, kwamba nimemaliza, nimemaliza vizuri au vibaya, na unamngoja aliyeuomba uje duniani apokee neno hilo. Huyo ni programu kubwa ya simu, mafundi wanaiita mzazi. Mzazi akipokea, kiini kinafuta jina la mtoto na nafasi inakuwa wazi. Asipopokea, jina linakaa, limewekewa Z. Na nafasi zina mwisho.

"Kuna mzungu mmoja, Kruse," Emilian alisema. "Ndiye alifunga mtambo. Mkataba wake umekwisha mwezi uliopita, akabaki Manyoni, hatujui anafanya nini. Nafikiri sasa tunajua. Anapiga simu na kukata, anapiga na kukata. Kila moja inaacha uzi uliokwisha. Na mzazi amemziba masikio. Hapokei."

"Kwa hiyo ni misukule," Paskali alisema.

Emilian alimsikia. "Afadhali ingekuwa misukule, afande. Msukule analima. Hawa hawalimi, hawali, hawaendi popote. Wameshika nafasi tu."

"Nawaua," Ritha alisema.

"Jaribu."

Ritha alikuwa amesomeshwa kompyuta kidogo na Idara. Akaandika amri ya kuua, akaweka namba ya mstari wa kwanza. Akabonyeza.

Mstari ukabaki. Z.

"Tumia tisa," Emilian alisema. Kuna amri ya kuua ambayo haina rufaa, mafundi wanaiita tisa.

"Nimetumia tisa. Bado yuko."

"Atakuwepo. Amekwisha kufa, dada. Utamuua na nini?"

Ritha aliitazama Browning yake juu ya meza, inachuruzika maji. Katika kazi yake alikuwa amezoea maadui wanaojificha, wanaokimbia, wanaokuja na kisu. Hawa walikuwa wamepangwa mbele yake wote, hakuna aliyejificha, hakuna aliyetikisika, na hapakuwa na pa kuwashika.

"Si tuizime mashine?" Paskali alisema. "Tuzime tuwashe."

"Msiguse! Ikiamka inauliza neno la siri la msimamizi kabla ya chochote. Mkizima bila neno, mmekufa."

"Zefania ndiye atakayekufa," Ritha alisema.

Mvua ikaongezeka. Ilipiga bati la kontena kama mtu anamwaga kokoto. Walianza kusemeshana kwa kupiga kelele.

"Nifanyeje, injinia?"

"Ua mzazi!"

"Rudia!"

"Ua mzazi! Watoto watabaki yatima! Yatima wote wanachukuliwa na yule wa kwanza, programu iliyoamka kabla ya wenzake. Huyo anapokea maneno ya kila mtu. Atawafuta!"

"Nimejaribu! Inasema sina ruhusa!"

"Ruhusa utapata! Weka neno langu la siri!"

Akalitaja herufi kwa herufi. Ritha akaandika.

Likakataliwa.

"Amelibadilisha," Emilian alisema, sauti imeshuka. "Mbwa yule. Usibahatishe, dada. Ikikataa mara tatu inajifunga mpaka kesho. Moja imeshakwenda."

Paskali alisema hajawahi kumwona Ritha hivyo. Alikuwa amekaa na mikono juu ya vibonyezo, haandiki. Damu ya mdomoni ilidondokea kwenye herufi, akaifuta kwa kidole, ikadondoka tena.

Redio ikafoka. Safari hii ni mkuu wao.

"Mkaa, sikiliza! Hakuna njia nyingine! Tafuta namna yoyote, lakini ua mzazi! Unanisikia? Ua mzazi sasa hivi!"

"Nimekusikia!" Ritha akapiga kelele. "Nitamuua! Nipeni tu njia ya kumfikia!"

Chini ya sakafu kitu kikagonga chuma.

Ritha alikuwa na Browning mkononi kabla Paskali hajageuka. Mlango ulisukumwa taratibu. Aliyeingia aliingia kwa magoti. Mikono iko juu, mmoja umeshika panga. Alilitupa panga mbele yake.

"Simeoni!" Paskali alisema.

Ndiye mlinzi. Alikuwa amelala chini ya kontena muda wote huo, panga liko juu ya waya mnene wa antena. Kruse alimwambia, mtu akigusa mashine, ukate waya. Alikuwa ameshauinua mkono. Ndipo aliposikia.

"Afande, nakuomba kwa jina la Mungu," alisema. Alikuwa analia waziwazi, kamasi na mvua. "Uniue mimi. Mzazi wangu hana kosa. Hajui lolote. Arobaini bado, hata nje hajatoka."

Ritha hakuelewa.

Paskali alielewa kwanza. Mwanamke aliyejifungua juzi naye huitwa mzazi. Nyuma ya banda la jenereta palikuwa na chumba cha mlinzi, na ndani yake Kristina, mke wa Simeoni, alikuwa na mtoto mchanga.

"Hapana, Simeoni, wewe umesikia vi..." Paskali alianza.

Buti la Ritha likakanyaga mguu wake. Kwa nguvu.

Ritha alimtazama yule mtu aliyepiga magoti. Paskali aliniambia, mama, niliona anavyopima. Akimwambia kweli, atamtoa hofu mtu huyu na waya uko palepale. Asipomwambia...

"Neno la siri," Ritha alisema.

"Afande?"

"Mzungu aliweka neno kwenye mashine. Unalijua?"

"Nalijua, nalijua! Nilimpa mimi!" Simeoni alijifuta uso. "Aliniambia nimpe neno ambalo mtu wa Dar hawezi kulibuni. Nikampa kwetu. Akacheka, akaandika."

"Kwenu wapi?"

"Ilamba."

Ritha aligeuka. Akaandika: iramba.

Likakataliwa.

"Mbili zimekwenda," Emilian alisema redioni, kama mtu anayesoma wosia.

"Umenidanganya," Ritha alimwambia Simeoni.

"Naapa! Naapa kwa mtoto wangu! Ilamba! Nilimwambia Ilamba!"

"Liandike."

"Sijui kuandika, afande."

Ritha alifumba macho. Lori lilikuwa njiani. Zefania alikuwa anakamua nta au anakunywa chai au anafua shati, hana habari. Na kilichobaki kilikuwa jaribio moja na mtu asiyejua herufi.

"Sema tena. Polepole."

"I-la-mba."

"Ni Iramba tu, afande," Paskali alisema. "Wanyiramba ndivyo wanavyoita kwao. Kwenye ofisi wanaandika ra, wenyewe wanasema la."

Ritha alifumbua macho.

"Na mzungu hajui ofisini wanaandikaje," alisema. "Aliandika alivyosikia."

Kidole kikatoka kwenye R. Kikaenda kwenye L.

Ilamba.

Mashine ikafunguka.

"Injinia, niko ndani."

"Asante Mungu! Ua mzazi!"

Simeoni alipiga yowe, akaushika mguu wa Ritha kwa mikono miwili. Ritha hakumsukuma. Aliandika amri, akaweka namba, akaweka tisa, akabonyeza, mtu akiwa amemng'ang'ania buti.

Kwanza hakukuwa na kitu.

Halafu ile mistari ya Z ikaanza kuondoka. Haikuondoka mmoja mmoja. Iliondoka kwa makundi, kama watu wanaotoka misani. Skrini ikabaki na mistari michache tu, ile iliyo hai.

"Wameondoka," Ritha alisema.

"Wa kwanza amewachukua," Emilian alisema. "Amepokea maneno yao yote. Sasa mwamshe mzazi mwingine, yule wa zamani niliyemwandika mimi. Huyo anasikia."

Ritha alimwamsha. Kisha akamwinamia Simeoni.

"Mzungu analala wapi?"

"Manyoni. Gesti ya nyuma ya stesheni. Chumba cha uani. Afande, mzazi wangu..."

"Jiko, umesikia?"

"Tumesikia. Tunakwenda."

Ritha akanyanyua simu. Ikalia mlio mrefu, mzuri. Akapiga Mitundu.

Iliita. Ikaita. Ikaita.

"Haloo! Nani mwenzangu?"

Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, na ilikuwa kali.

"Mama, mwite Zefania haraka!"

"Eeeh! Nani huyo anaanza na haraka? Hatujalala pamoja."

Ritha akang'ata meno. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hapo sawa. Unapiga toka wapi?"

"Itigi, mama. Zefania..."

"Itigi mvua ipo?"

"Ipo, mama."

"Hata huku. Mihogo itaoza. Watoto hawajambo?"

Ritha hakuwa na watoto. "Hawajambo, mama. Mama, mwambie Zefania mzinga umeingia siafu."

"Mzinga upi? Mizinga yetu iko porini juu ya miti."

"Mwambie hivyo hivyo tu."

"Mwanangu, nitamwambiaje mtu jambo nisilolielewa? Akiniuliza?"

"Hatakuuliza! Mama Yasinta, nakupigia magoti. Siafu. Mwambie siafu!"

Halafu kile kimama kikaona huenda kuna jambo. Simu ikawekwa juu ya kitu. Sauti ikaenda mbali. "Zefaniaaa! Wewe Zefania! Kuna mwanamke anasema siafu!"

Ritha aliganda na simu sikioni. Alisikia mvua ya Mitundu. Alisikia kuku. Hakusikia kitu kingine kwa muda mrefu.

Halafu akasikia Isuzu.

Iliunguruma, ikazimwa. Milango. Miguu mingi kwenye matope. Barabara haikuwachelewesha kama alivyotumaini. Ritha alikuwa na Browning, alikuwa na Motorola, alikuwa na mashine nzima ya simu chini ya mkono wake, na hakuna hata kimoja kilichoweza kufunga mlango mmoja wa ghala la Mitundu.

"Karani yuko wapi?" Sauti ya mwanamume.

"Wewe ni nani unaingia kwangu kama ng'ombe?" Mama Yasinta.

"Bibi, tunamtaka karani!"

"Hujanisalimia."

Mtu mmoja akacheka. Yule wa kwanza akamkaripia mwenzake. Kisha, wewe, Paskali alisema alisogeza sikio lake kwenye simu na akasikia mwenyewe, yule jambazi akashusha sauti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unaitwa nani?"

"Melkiori."

"Melkiori wa nani? Baba yako ni nani?"

"Mama, tuna haraka."

"Haraka mmezaliwa nayo leo wote? Nauliza baba yako nani. Uso huu naujua. Wewe si wa Kintinku wewe? Mama yako si alikuwa anauza vyungu?"

"... Ndiye huyo."

"Hajambo?"

"Alishafariki, mama."

"Maskini! Pole sana mwanangu. Lini? Mbona hatukusikia? Aliugua?"

Ritha aliufunika mdomo wa simu kwa kiganja. Kila swali la yule mama lilikuwa hatua moja ya Zefania, kama Zefania anakimbia. Kama alisikia. Kama hakusimama kutafuta viatu.

Halafu mlango ukapigwa teke, pipa likaanguka, watu wakatawanyika. "Hayupo! Nyuma! Angalia nyuma!" Miguu ikaja karibu. Simu ikanyanyuliwa.

Pumzi nzito sikioni.

"Nani huyu?" Melkiori akauliza.

"Mtambo wa Itigi," Ritha alisema kwa sauti laini ya mwanamke aliyechoka na kazi. "Ulikuwa unataka namba gani, kaka?"

Pumzi.

"Hakuna."

Ikakatika.

Risasi mbili au tatu kama zilipigwa, zilipigwa baada ya hapo. Hakuna aliyejua. Ritha alipiga tena, simu ikaita bure mpaka ikachoka. Nafasi zilikuwa wazi tele sasa, na hapakuwa na wa kupokea.

Redio ikaita. "Mkaa, hapa Jiko. Mzungu tunaye. Alikuwa anakula chipsi, ana kompyuta yake ya Toshiba na waya wa antena umepanda mpaka kwenye pipa la maji. Gari limeshaondoka kuja kwenu, litaziba barabara."

"Zefania?"

"Hatujui."

"Sawa."

"Pumzika, Mkaa."

"Sawa," Ritha alisema, wala hakupumzika.

Alimfunga Simeoni pingu mkono mmoja. Halafu akakaa mbele yake, akamwambia. Mzazi niliyeambiwa nimuue ni maandishi ndani ya mashine hii. Mkeo hakuna aliyemtaja. Nilijua ukiwa bado unalia.

Simeoni aliitazama skrini. Akautazama waya wa antena unaoingia pembeni ya mlango, mzima.

"Kama ningejua," akasema, "ningekata."

"Najua."

Mvua ilipopungua Kristina alitoka. Hakutakiwa kutoka, lakini alitoka, mtoto amefungwa kwa khanga kifuani, mafuta ya nazi usoni. Alisimama mlangoni, akaona pingu. Hakupiga kelele.

"Siwezi kumfungua, mdogo wangu," Ritha alisema.

"Sijakuomba, dada," Kristina alijibu. Akaingia, akakaa chini karibu na mumewe, upande ule wenye mkono usiofungwa, akampa mtoto ashike.

Ritha alitoka nje. Alikaa kwenye ngazi ya kontena. Paskali alimletea uji wa ulezi kutoka kwa Kristina huyohuyo, ukapoa mkononi. Alikuwa anaangalia barabara. Paskali alimwambia alale kidogo, akasema macho hayafungi. Alisinzia Paskali, yeye hakusinzia.

Asubuhi ilikuwa nyeupe, kila kitu kinanuka matope, Land Rover 110 ya Manyoni ilipokuja kutoka upande wa Mitundu. Ilikuwa inakwenda taratibu, imelemewa. Nyuma yake Melkiori na wenzake wamefungwa kamba, wamechafuka hawatambuliki. Isuzu ilikuwa imezama njiani wakati wa kurudi, na mapipa yote juu. Askari walikata pande moja la nta kwa shoka mbele yao, pembe ikaonekana ndani kama jino.

Ritha hakuangalia nyuma ya gari. Aliangalia kiti cha mbele.

Mlango ukafunguka. Akateremka mtu mwenye shati lililochanwa na miiba kuanzia begani mpaka kiunoni, uso una mistari ya damu kama daftari la shule, mguu mmoja una ndala.

Ritha hakuinuka.

"Umechelewa," alisema.

"Barabara mbaya," Zefania alisema.

"Ulisikia?"

"Nilisikia siafu. Nikapita dirishani." Alikaa kwenye ngazi kando yake, kwa uangalifu, kama mzee. "Nilikuwa kichakani karibu kabisa, namwangalia yule bwana anavyoulizwa ukoo wake. Sikuweza kusogea. Kila tawi lina mwiba. Wangeamua kumfanya yule mama kitu, Ritha, mimi ningeangalia tu."

"Hawakumfanya."

"Hawakumfanya. Walimpa pole ya mvua." Akacheka, cheko likaishia kikohozi. "Una maji?"

Paskali alikwenda kuyaleta. Aliporudi na kikombe Zefania alikuwa ameegemea chuma cha kontena, mdomo wazi, amelala.

Ritha alimwekea kidole chini ya pua. Pumzi ilikuwepo. Akakiacha kidole pale zaidi ya inavyotakiwa.

Kisha akainuka. Akaichukua Browning, akaipangusa kwa upindo wa shati, akaiweka kiunoni. Akampa Paskali ule uji uliopoa. Alipopita karibu na Land Rover askari walipiga saluti, yeye akawapungia kama mtu anayewaaga majirani. Kruse, Paskali aliniambia, alirudishwa kwao baada ya miezi michache, kesi haikusikika tena. Simeoni alikaa ndani muda mrefu kuliko yeye. Mambo hayo Ritha hakuyajua asubuhi ile, na angeyajua asingekuwa na la kufanya.

Alitembea juu ya mataruma ya reli mpaka gesti ya stesheni ya Itigi, hakuharakisha, hakugeuka. Mwenye gesti alimwona alivyo, akaogopa kuuliza. Akamwonyesha chumba.

"Nikuamshe saa ngapi, dada?"

"Usiniamshe."

Alijilaza na buti zake juu ya shuka safi. Garimoshi la mizigo lilipita nje, behewa baada ya behewa, kuta zikatetemeka. Alikusudia kulisikiliza mpaka liishe.

Halikuwa limeisha, naye akawa amelala.